Kanuni yangu ya Istanbul: bei ya dukani na bei ya mlangoni

Nianze na hesabu, maana ndiyo kila mtu ananiuliza kabla hata ya kuisikia kanuni yenyewe, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi inayolazwa ikapigwa kwa vidole. Kanuni na kasha lake gumu, dola 520. Usafiri wa ndege mpaka Unguja, dola 245. Benki walikata dola 30 kwa kutuma pesa. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,600, kwa hiyo hapo tayari ni 2,067,000. Ushuru, VAT, wakala na ghala vikala 660,000 nyingine. Mpaka naiweka mkekani nyumbani Kikwajuni imesimama kwa 2,727,000.

Hapa kwetu kanuni haiko dukani. Unangoja mpigaji wa kikundi fulani achoke, au warithi wake waamue kuuza. Niliyoonyeshwa mimi ilikuwa na ufa wa kupitisha sarafu kwenye ubao wa juu, na mwenyewe hashuki chini ya 2,300,000. Mfanyabiashara mmoja wa Dar akaniambia ataniletea mpya kwa milioni 4, nusu nitangulize. Nikasema hapana, pesa hiyo bora nihangaike nayo mwenyewe.

Moyo wangu ulikuwa Misri. Taarab yetu imetoka huko. Wazee wanatusimulia habari za Mohamed Ibrahim aliyepelekwa Misri na Sultan Barghash kujifunza, akarudi na kanuni. Lakini wauzaji wa Cairo niliowaandikia walikuwa wanajibu leo, wanapotea wiki mbili. Wa Istanbul alijibu siku ile ile, akanipigia simu ya video, akapiga nyuzi zote kutoka nene mpaka nyembamba mbele yangu. Jamaa yangu aliyewahi kupita mtaa wa Galip Dede, karibu na mnara wa Galata, anasema maduka ya ala kule yamepangana kama maduka ya kanga Darajani, hivyo bei unaweza kuzilinganisha hata ukiwa kitandani kwako. Nililinganisha kwa wiki tatu. Mke wangu alifikiri nimepata mchumba wa Kituruki.

Nisichouliza ni vile vibao vidogo vya shaba vinavyoinuliwa na kulazwa chini ya nyuzi ili kupandisha au kushusha sauti. Waturuki wanaviita mandal, na kwa sababu wao wanaigawa sauti vipande vidogo kuliko Waarabu, kanuni yao inavyo vingi mno. Maalim wangu, aliyezoea ya Misri, alipoiona alishika miwani.

"Haya meno ya papa yote ya nini?"

"Ndivyo wanavyotengeneza, Maalim. Sasa nifanyeje?"

"Usiyoyajua yaache yalale."

Ndivyo ninavyopiga mpaka leo. Ukiagiza Uturuki na unapiga taarab yetu, mwambie muuzaji mapema, wapo mafundi wanaotengeneza kwa mpango wa Kiarabu.

Pesa yangu ilivuja kwenye usafiri. Kanuni na kasha lake vilikuwa kilo 9. Mimi nikapiga hesabu ya kilo 9, nikafurahi. Kumbe kampuni za vifurushi vya ndege hazipimi uzito tu, zinapima na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000. Katoni yangu ilikuwa 110 kwa 55 kwa 20. Piga mwenyewe: kilo 24 na ushee. Nimelipia kilo 15 za hewa ya Istanbul.

Haikuishia hapo. Kwenye forodha hulipi mara moja. Kwanza wanakata ushuru; halafu VAT inakaa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe. Na ile hewa, ningejua, ningemwambia muuzaji apunguze katoni sentimita tano kila upande, maana kasha lenyewe lilikuwa gumu na ndani kulijaa mapovu ya plastiki ya kufungia friji.

Siku nne za ghala ni ujinga wangu. Nilimpa muuzaji jina langu la mtaani, lile linalojulikana kwenye kikundi, akaliandika hivyo hivyo kwenye ankara. Kitambulisho kinasema kingine. Wakala akaniambia, "Kaka, huyu mwenye mzigo ni nani?" Mpaka ankara mpya ikaja, mita ya ghala inasoma. Andikeni jina la kitambulisho, jamani, hata kama hata mama yako halitumii.

Afisa aliyekagua alifungua kasha akauliza kama hiki ni chombo cha kufumia mikeka. Nikavuta nyuzi mbili tatu nimwonyeshe, zikalia kama beseni. Nikadhani ni uchovu wa safari. Nikasaini, nikabeba.

Usiku baada ya Isha nikaiangalia vizuri. Daraja, ule ubao mrefu mwembamba unaobeba nyuzi zote 78, haligandishwi na gundi. Miguu yake inakaa juu ya ngozi na kinacholishikilia ni mvuto wa nyuzi tu. Langu lilikuwa limeinama kama mtu anayesinzia msikitini. Nikairudia katoni: mishale ya "juu huku" imeelekea chini, na ubavuni kuna alama kamili ya soli ya kiatu. Sijui ni kiatu cha uwanja gani, na bima ya dola 12 niliikataa mwenyewe nikijiona mjanja.

Kesho yake Maalim akaja na kipande cha mbao alichokizungushia kitambaa. Hakuligusa daraja kwanza. Alishika ufunguo, akalegeza kila uzi nusu mzunguko, akianzia katikati kwenda pembeni, asilegeze upande mmoja sana daraja likaruka. Ndipo akaweka mbao mguuni pa daraja, akagonga kwa kiganja, taratibu, mguu mmoja, kisha unaofuata. Kila baada ya mapigo machache anainama anaangalia kwa jicho moja kama fundi wa milango. Tulianza baada ya Alasiri, Magharibi ikaadhiniwa daraja limesimama wima na ngozi haina hata mkunjo. Hakutaka pesa. Alitaka kahawa na kashata, na awe wa kwanza kuipiga.

Sauti? Tamu kabisa, nyuzi nyembamba zinalia kama matone. Chombo nakipa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya masika. Mvua zilipoanza ngozi ikalegea, sauti ikashuka, nikawa nakaza nyuzi kurekebisha sauti mara mbili kila jioni. Muuzaji nampa nne na nusu. Usafirishaji mbili, na moja kati ya hizo ni ya dereva aliyenipigia simu kwa adabu.

Mwenzangu mpiga fidla ameona yaliyonipata, akafanya tofauti. Mpwa wake anasoma Istanbul na ndege inakuja moja kwa moja mpaka Zanzibar. Huyo mpwa akamnunulia ala kwenye duka lile lile, akaongeza dola 70 za mzigo mkubwa, akafika uwanjani na risiti mkononi, ushuru akalipa pale pale. Hewa hakulipia. Mwingine, mpiga kinanda wa Fuoni, aliletewa spika yenye ampu kutoka Marekani kwa bei ya bure. Nyuma imeandikwa 120V, huku kwetu umeme ni 230. Akachomeka, ikatoa moshi kabla haijatoa sauti. Kanuni haina plagi, alhamdulillahi.

Zilipoanza kukatika nyuzi nikataka kuagiza seti nzima. Maalim akanipeleka Malindi, hapa hapa mjini Unguja, kwenye duka la vifaa vya uvuvi, akaomba mshipi wa nailoni wa unene uleule ulioandikwa kwenye pakiti ya Waturuki. Anasema enzi zao ndivyo walivyofanya. Siku hizi naagiza nyuzi nene tu, zile zilizosokotwa, nazo ni bahasha ndogo haina hewa. Nyembamba nanunua Malindi. Muuzaji kanizoea, kila nikienda ananiuliza jodari wameuma wapi.