Dayari ya malengo ya shilingi 22,000, baada ya miezi tisa kwenye meza ya cherehani

Mimi ni fundi cherehani Morogoro, mwaka wa 14 sasa kwenye kibaraza kilekile. Nashona magauni ya vitenge, sare za shule, na sare za harusi msimu ukifika. Katikati ya Machi mdogo wangu alinijia kutoka Dar na dayari ya malengo aliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 22,000. Dayari za namna hii zimejaa madukani na zinafanana mno, kwa hiyo jina la mchapaji naliacha. Nataka kueleza ni kurasa zipi zilizonifaa, maana kwa kweli ni ukurasa mmoja tu, na huo ningeulipia hata mara mbili.

Nianze na umbo lake. Jalada gumu la kahawia, utepe wa kuwekea alama, lastiki ya kufungia. Karatasi ni nzito, wino hautokezi upande wa pili. Gundi ya mgongoni ni mbovu. Kufika Agosti kurasa za Machi zilikuwa zimeachia, nikatoboa kwa msumari na kuzishona kwa uzi wa jinzi. Mpaka leo hazijatoka. Jambo jingine ni tarehe. Zimechapwa tangu Januari, na mimi nimeipata Machi, kwa hiyo wiki kumi na ushee zimebaki nyeupe. Wengine wataianza Juni. Mchapaji aache nafasi ya tarehe mtu ajaze mwenyewe.

Dibaji nayo ina tatizo kubwa zaidi. Inasema mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliulizwa nani ameandika malengo yake, asilimia 3 wakasema wameandika, na miaka 20 baadaye hao wachache walikuwa na mali kuliko wenzao asilimia 97 wote kwa pamoja. Nilimsomea binti yangu, ambaye yuko chuo anasomea ualimu. Akatafuta kwenye simu usiku uleule. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Maktaba ya Yale yenyewe inawajibu hivyo wanaouulizia. Niliumia. Mtu anayetoa 22,000 yake ili ajipange anastahili kuambiwa kweli tangu ukurasa wa kwanza.

Baada ya dibaji kuna kurasa 12 za ndoto: miaka 10 ijayo, mimi ni nani, bandika picha ya nyumba yako. Nilizijaza jioni tatu, kwa moyo wote. Duka kubwa, nyumba, watoto wasome. Ni mambo ninayoyataka kweli, lakini Jumatatu asubuhi nikakaa kwenye cherehani nikawa sijui nifanye nini tofauti na Jumamosi.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa wiki. Una mistari mitano tu, na nafasi ni finyu kiasi kwamba malengo mawili hayaenei. Mstari wa kwanza unauliza lengo moja la wiki hii. Wa pili: litapimwa kwa nini? Wa tatu umeachiwa mapengo: "Nikishamaliza …, nita…". Wa nne: kitakachonizuia. Wa tano: nani ataniuliza Jumapili?

Wiki ya kwanza niliandika "kupata wateja wapya watano". Wakaja wawili, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kukaa kibarazani nikiangalia barabara. Wiki ya pili nikaandika ovaloki, yaani mashine ya kuzungushia uzi kingo za nguo zisifumuke.

Fundi asiye na ovaloki anajua adha yake. Nguo ikiisha unampa kijana apeleke kwa fundi mwenye mashine mtaa wa pili, 500 kila nguo, na umeme ukikatika huko nguo inalala hukohuko. Mteja anakuja saa kumi jioni, gauni halipo, na harusi ni kesho. Miaka mitatu mfululizo nilikuwa nasema mwaka huu nanunua yangu. Ya mtumba, nzima, nilishaiona kwa 650,000.

Ule mstari wa pili ulinikalisha na penseli. Nikiweka 2,000 kwa kila nguo, 650,000 ni nguo 325. Nguo tisa kwa wiki ni kama wiki 36, nafika mwishoni mwa Novemba, kabla ya kishindo cha sare za Januari. Laki sita na nusu nilikuwa naiogopa. Nguo tisa naziweza, hata wiki yenye mgao wa umeme naziweza.

Mstari wa tatu nikaujaza hivi: "Nikishakata uzi wa mwisho, nitatia 2,000 kwenye kibubu kabla sijaikunja nguo." Kibubu nilichongewa na seremala, mbao tupu, hakina mfuniko, ukitaka hela uvunje. Nikakiweka kushoto kwa cherehani, karibu na mkasi. Binti yangu aliposoma akaniambia mpango wa namna hii umeandikiwa na Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, tangu miaka ya 1990: unalifunga tendo lako kwenye jambo ambalo litatokea tu, na jambo lile lenyewe linakuwa mkumbushaji, huhitaji kujishawishi upya kila mara. Mimi nimeliona kwenye mkono wangu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasita, nafikiria hela ya mboga. Kufika Juni, mkasi ukilia kwenye uzi, mkono wa kushoto umeshafungua droo ya noti.

Kitakachonizuia kilijulikana baada ya wiki mbili: wateja wanalipa kwa simu, noti sina. Nikaanza kuweka kando chenji ya noti za 2,000 kila Jumatatu, mteja akilipa kwa simu natoa humo papo hapo. Bila ule mstari wa nne ningesubiri "nikitoa hela kwa wakala", na hela iliyo kwenye simu haikai.

Wa kuniuliza nilimchagua mama lishe wa jirani. Kila Jumapili tukitoka ibadani ananiuliza, "Mwanangu, wiki hii ngapi?" Nami namjibu, "Shikamoo mama, saba." Ananitazama. "Juzi ulisema kumi na moja." Basi, hasemi tena, anaondoka zake. Nimeshona nguo usiku kwa ajili ya swali hilo.

Jedwali la mazoea la mwisho wa kila mwezi silipendekezi. Lina vyumba vya mazoea kumi, na juu yake imeandikwa kwamba siku 21 zinatosha kujenga tabia. Namba hiyo inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Hayo ni mambo ya uso, si ya kibubu. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 na kukadiria wastani wa siku 66, wengine siku 18, wengine mpaka 254. Kama ningeiamini dayari, siku ya 22 nilipojikuta bado nasahau ningejiona nimeshindwa.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Nililihitaji neno hilo Julai, mtoto wangu wa mwisho alipolazwa na malaria, wiki nzima sikushona. Dayari haina pa kuandika wiki ya namna hiyo. Nikaandika pembeni, "Amepona," nikaendelea na wiki iliyofuata kwa nguo tisa zilezile, bila kujidai deni la tisa zilizopita.

Mwisho wa Novemba nilikuwa nimefikisha nguo 287, yaani 574,000. Nilivunja kibubu mbele ya binti yangu, tukahesabu mara mbili. 76,000 iliyopungua niliijaza kwa malipo ya sare, na Jumamosi ya kwanza ya Desemba ovaloki ikafika kibarazani, imefungwa nyuma ya bajaji kwa kamba ya katani.

Kwa aliyekwisha kuinunua, ruka moja kwa moja hadi ukurasa wa wiki. Kwa anayefikiria kununua, 22,000 ni nyingi kwa mistari mitano. Mimi ya mwaka ujao sijanunua. Nimechukua kaunta buku, nimepiga rula kurasa 52, na kwenye ya kwanza nimeandika: sketi 12 za sare, zimepigwa ovaloki na kupasiwa, kufika Jumamosi. Mama lishe nimeshamwambia.