Uwezo wa pikapu kuvuta trela: kitabu cha gari au mizani?

Kwa gharama, kitabu cha gari kinashinda: ni bure, na jibu unalipata hata kabla hujanunua trela.

Kwa uhakika, mambo hugeuka. Kiwango cha kitabuni kwa kawaida huchukulia gari karibu tupu. Tuseme pikapu na trela kwa pamoja visizidi kilo 5,500, na pikapu tupu ina 2,100: zinabaki 3,400. Pandisha abiria wanne, jaza tangi, pakia zana, mizani isome 2,600. Sasa zimebaki 2,900! Kwenye mteremko mkali, breki zitakudai hizo 500. Mizani pia hukuonyesha uzito unaokandamiza ndoano: pima magurudumu ya pikapu bila trela, kisha trela likiwa limefungwa, utoe tofauti. Kwa trela la kawaida, iwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Ikipungua, trela huyumba vibaya.

Usumbufu wa mizani ni kurudi kila mzigo unapobadilika.

Kama trela lako ni jepesi na mzigo ni uleule, kitabu kinatosha. Unayekaribia kikomo, au unayebeba mchanga leo na ng'ombe kesho, nenda ukapime.