Aina tatu za chingamu ya mnanaa kwa wiki tatu: uzoefu wangu

Mimi ni kinyozi. Kutwa uso wangu uko shibiri moja tu kutoka uso wa mteja, kwa hiyo pumzi yangu ni sehemu ya huduma kama yalivyo makali ya wembe. Nimetafuna chingamu miaka mingi kwa mazoea, nikichukua pakiti yoyote iliyo karibu. Safari hii nilitaka kujua ninachonunua: wiki moja ya mnanaa yenye sukari, wiki moja ya pepaminti isiyo na sukari, na wiki moja ya ile inayojinadi kuwa na ubaridi mkali.

Ya sukari huanza vizuri sana, kisha baada ya dakika chache unabaki na mpira mdomoni. Nilidhani mnanaa umekwisha. Siku moja nikatia sukari kidogo ulimini bila kuitema chingamu, na mnanaa ukarudi! Kumbe mafuta ya mnanaa hung'ang'ania kwenye mpira na kutoka polepole, ila sukari huyeyuka upesi na kumezwa na mate. Utamu ukiondoka, ubongo nao huacha kuusikia mnanaa. Watafiti waliopima pumzi ya puani ya watafunaji walikuta harufu bado imo wakati wenyewe wanasema ladha imepotea. Tangu hapo siwezi kusema chingamu "imeisha" kwa sababu tu imepoa utamu.

Ile ya ubaridi mkali sikuipenda, nasema wazi. Machozi yalinilenga, chai niliyokunywa baadaye haikuwa na ladha, na mteja mmoja aligeuza uso nilipoinama kumchonga ndevu. Harufu kali ya mentholi, kile kiini cha mnanaa kinacholeta ubaridi, nayo ni kero kwa mtu aliyekaa kitini hana pa kukimbilia. Tena ubaridi wenyewe si baridi ya kweli. Mentholi huamsha kihisio cha baridi kwenye neva, kinachoitwa TRPM8, huku joto la kinywa likiwa palepale. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vihisio vya joto na mguso, kila mmoja alikitambua kwa kutumia mentholi hiyohiyo. Pua nayo huhisi imezibuka, kumbe haijazibuka.

Pepaminti isiyo na sukari ndiyo iliyobaki mfukoni mwangu. Niliyotumia ina zailitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ambayo kweli hufyonza joto inapoyeyuka, kwa hiyo kale kaubaridi ka mwanzo ni ka haki. Ladha yake inadumu kuliko ya sukari, na haiwalishi bakteria wanaotoboa meno. Naitafuna kwa dakika 20 baada ya kula, mate yanatoka kwa wingi, kinywa kinajisafisha. Mwenye mbwa asiiache ovyo lakini: zailitoli ni sumu kwa mbwa, hata kidogo tu.

Mipaka yake nimeiona pia. Nilipokula kitunguu saumu haikunisaidia kitu, maana harufu ile hupita kwenye damu na kutokea mapafuni. Na harufu ya asubuhi hutokana zaidi na bakteria walio nyuma ya ulimi. Mnanaa huifunika tu, kazi ya kuiondoa ni ya mswaki na kusugua ulimi. Siku niliyotafuna vipande vingi tumbo lilijaa gesi. Pakiti ilikuwa imeonya kwamba ukizidisha utaharisha, ni mimi niliyepuuza.

Hii pepaminti isiyo na sukari naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya maandishi ya pakiti: mbele pameandikwa "mnanaa", nyuma "ladha", basi. Pepaminti na spiaminti ni vitu viwili tofauti. Pepaminti ina mentholi nyingi, inachoma kwa baridi. Spiaminti harufu yake ni ya kiini kingine kiitwacho kavoni, laini, haigandishi ulimi. Mwenye kinywa chepesi kuudhika angechagua spiaminti bila kusita, kama angeambiwa. Nililazimika kufungua pakiti na kunusa ndipo nikajua nimenunua ipi.