Siku Tatu Kwenye Meza ya Ufundi: Uzoefu Wangu wa Mashindano ya Ndani ya Magari ya Rimoti, Cleveland

Nilihudhuria mashindano ya magari ya rimoti yanayofanyika ukumbini, juu ya zulia, katika eneo la Cleveland jimboni Ohio, wakati wa wiki ya sikukuu ya Shukrani. Mpwa wangu, ambaye ninaishi naye Columbus, alikuwa ameandikisha gari lake katika daraja la 1 kwa 12, yaani la magari yenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi na mbili ya gari halisi, akaniomba niwe msaidizi wake. Kwa hiyo siku zote tatu nilikaa kwenye meza za ufundi, mahali ambapo watazamaji hupita tu wakielekea viti vyao. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayefikiria kutumia muda na fedha zake kwa safari kama hiyo, kwa sababu nimeridhika kabisa kwamba gari hushinda au kushindwa mezani kabla halijagusa zulia.

Daraja la 1 kwa 12 lina heshima ya pekee katika mchezo huu, na ndilo mojawapo ya madaraja ambayo Masami Hirosaka wa Japani alijipatia mataji yake 14 ya dunia. Gari lenyewe ni bapa, lina uzito wa gramu mia saba na ushee, linatumia betri ya seli moja, na matairi yake ni ya sponji, si ya mpira. Kila mbio huchukua dakika 8. Kila gari hubeba transponda, kifaa kidogo chenye namba yake ya pekee, ambacho husomwa na waya uliofichwa chini ya zulia kila gari linapokata mstari, na kompyuta huandika muda wa mzunguko hadi sehemu ya elfu ya sekunde.

Jambo lililonifundisha mengi zaidi ni matairi. Siku ya kwanza zulia lilikuwa bado jipya na magari yaliteleza kwenye kona, kwa hiyo kila dereva alipaka matairi dawa ya kuongeza mshiko, akaiacha inywe kwa dakika kadhaa kisha akaifuta. Lakini kadiri magari yalivyozidi kupita, dawa na chembe za sponji ziliganda kwenye njia ya mbio, na mshiko ukaongezeka saa baada ya saa. Kufikia asubuhi ya siku ya pili gari la mpwa wangu, ambalo jana yake lilikuwa linateleza, lilianza kubinuka kwenye kona ya kasi, kwa sababu tairi la mbele lilikuwa linauma zulia kuliko gari lilivyoweza kuhimili. Aliporudi mezani hakubadilisha springi, kama nilivyodhani angefanya. Aliniambia, "Mjomba, nipe supaglu," akapaka utepe mwembamba kwenye ukingo wa nje wa matairi ya mbele ili sponji iwe ngumu na isikamate zulia, kisha akayachonga kwenye mashine yakawa madogo zaidi. Katika mbio iliyofuata gari halikubinuka hata mara moja.

Kupungua kwa tairi la nyuma, ambalo ndilo linalozungushwa na mota, hata hivyo, kunabadilisha kasi, na hapo ndipo nilipopata kazi yangu halisi. Tairi la nyuma lenye kipenyo cha milimita 42 lina mzingo wa takribani milimita 132. Likichakaa hadi milimita 41, mzingo unashuka hadi takribani 129, na kila mzunguko wa mota unalisogeza gari umbali mfupi zaidi. Nilikuwa nikipima matairi kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, baada ya kila mbio na kuandika vipimo kwenye daftari, naye akaamua kama gia ndogo ya mota iongezwe jino moja. Katika daraja lake, ambalo mota zote zina mizunguko 17.5 ya waya uliosokotwa ndani yake, na spidi kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, hairuhusiwi kuisaidia mota kwa njia ya kielektroniki, jino hilo moja lina athari kubwa. Wakaguzi huthibitisha kanuni hiyo kwa kuangalia taa ya spidi kontrola, ambayo lazima iwe inamwekamweka.

Lalamiko langu moja linahusu chaja, ambayo nilinunua mtandaoni kwa sababu bei yake ilinivutia. Skrini yake ilionyesha volti 4.20, kiwango cha seli iliyojaa, lakini kipimo cha wakaguzi kilionyesha zaidi ya hapo, na gari likazuiwa hadi betri ipunguzwe. Tulifika kwenye mstari zikiwa zimebaki sekunde chache. Mshindani wa meza ya jirani, aliyekuwa daraja moja nasi, alituazima chaja yake ya akiba tuitumie hadi mwisho wa mashindano, na ukarimu huo sitausahau. Nawashauri wote wapime betri kwa mita ya pembeni badala ya kuiamini skrini, na wachaji ndani ya mfuko usioshika moto.

Kwa dereva anayekwenda peke yake, siku hizo ni ngumu sana. Akimaliza mbio yake analazimika kwenda kusimama konani ili kuwainulia wengine magari yaliyopinduka, na wakati huohuo gari lake linahitaji kusafishwa, kupimwa na kuchajiwa. Nilipoelewa hivyo, niliacha kujiona mgeni pale mezani. Atakayekwenda kama msaidizi achukue taa yake, kiti cha kukunja na chakula, kwa kuwa muda wa kutoka nje kutafuta mlo haupatikani.

Mpwa wangu aliingia fainali C, yaani ya kundi la tatu kwa kasi, akaanza wa saba na kumaliza wa nne. Tumeshakubaliana kurudi, na tangu tufike nyumbani ananifundisha kuchonga matairi kila Jumamosi, kwa yale yaliyochakaa, hadi mkono wangu utulie.