Houston Texans 2002: tiketi ya msimu wa kwanza, kiti cha juu nyuma ya goli

Naipa nyota nne kati ya tano, na timu yenyewe, ya futiboli ya Kimarekani, ilishinda mechi 4 ikapoteza 12. Ngoja nieleze.

Nilipofika Houston nikitokea Tanga, wenzangu wa ghalani walikuwa bado wanawataja Oilers, timu ya zamani ya jiji, kama ndugu aliyehama usiku bila kuaga. Timu hiyo ilikwenda Tennessee baada ya msimu wa 1996, na jiji likabaki kutazama mechi za wenzao kwenye televisheni. Bob McNair alipolipa dola milioni 700 ili kuanzisha timu mpya, niliamua kuwa nao tangu siku ya kwanza. Tiketi nililipa kwa mafungu, na ilinibana.

Uwanja wao, Reliant kama ulivyoitwa wakati ule, hauna mpinzani kwangu. Ulikuwa wa kwanza katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu, wenye paa la kufunguka na kufungwa, na chini nyasi za kweli. Joto la Houston mwezi wa Septemba ni la Tanga mwezi wa Machi, ila huku hakuna upepo wa bahari wa kukuokoa, kwa hiyo paa hilo si pambo.

Kiti cha juu nyuma ya goli watu hukidharau. Mimi nakipendekeza kwa yeyote anayejifunza mchezo huu. Ukikaa ubavuni, macho yanafuata mpira. Ukikaa nyuma unaona ukuta: wale mapande matano ya watu waliosimama kumkinga kwotabeki, yule anayerusha pasi, na upenyo unapotokea unauona kabla yeye hajauona. David Carr, kijana waliyemchagua wa kwanza kabisa kwenye drafti, pale timu za ligi zinapogawana wachezaji chipukizi, msimu ule aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76 katika mechi 16. Hakuna kwotabeki mwingine katika historia ya ligi aliyeangushwa mara nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Tony Boselli, aliyeletwa awe nguzo ya ukuta huo, bega lilimsumbua hata asiichezee Texans mechi moja. Mama mmoja wa Mombasa niliyekuwa nakaa naye, kila kishindo kikilia alishika kichwa: "Maskini, mtoto wa watu!" Nyota niliyoikata ni ya hapo. Kijana wa thamani ile hapelekwi vitani bila ngao.

Lakini usiku wa Septemba 8 ulilipa deni lote. Mechi yetu ya kwanza kabisa ya ligi, mgeni ni Dallas Cowboys, wakubwa wa Texas. Katika shambulizi la kwanza tu Carr akampigia Billy Miller pasi ya yadi 19, tachidauni, yaani mpira umefika eneo la mwisho la wapinzani. Dallas wakasawazisha, 10-10, nami nikadhani yamekwisha. Robo ya mwisho ikaruka pasi ndefu kwa Corey Bradford, yadi 65, tachidauni nyingine, na kule juu tulikuwa tunakumbatiana na watu tusiowajua. Kisha Seth Payne akamwangusha kwotabeki wao ndani ya eneo lao la mwisho, pointi 2 zaidi kwetu. 19-10. Yule mama alipiga vigelegele vya harusini, na mzee mmoja mwenye kofia pana akageuka na kumwomba arudie.

Nyumbani tulishinda mara moja tu zaidi, dhidi ya Giants wa New York, 16-14. Anayetaka ushindi kila Jumapili asinunue tiketi ya timu changa.

Mechi ya ugenini huko Pittsburgh niliitazama sebuleni, Desemba 8. Safu yetu ya mashambulizi ilipata yadi 47 mchezo mzima. Arobaini na saba! Wenyeji walipata 422. Tukashinda 24-6, kwa sababu walinzi wetu walifunga tachidauni zote tatu. Aaron Glenn peke yake alinyakua pasi mbili na kukimbia nazo mpaka mwisho, yadi 70 na yadi 65. Wanangu walikuwa wamelala, niliwaamsha.

Fomu ya msimu uliofuata ilipokuja, niliomba kiti kilekile. Mama wa Mombasa alikuwa ameshajaza yake.