Kozi ya harmonika ya "bluzi na jazi": jazi ukiiulizia unazimiwa maiki

Naandika hasira bado ziko puani, mnivumilie. Kozi hii ya mtandaoni niliilipia kwa sababu tangazo lilisema bluzi na jazi kwa pamoja. Bluzi ipo, tena tele. Jazi niliisubiri miezi, kikaja kipande kifupi kimoja ambacho mwalimu mwenyewe anakicheka.

Basi likaja darasa la moja kwa moja. Harmonika ya tundu 10, ya C, ina pengo: ukivuta tundu la 6 unapata A, la 7 B, B-flati ya katikati hakuna, na jazi inaitaka. Mpiga harmonika Howard Levy aliliziba zamani, anapuliza la 6 kwa kuunyamazisha ulimi mmoja wa shaba ulio ndani ya tundu ili wa pili ulie. Nikauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hiyo tutafundishwa lini?" Akajibu, "Mtu wa bluzi hana shida na noti hizo. Ukitaka jazi nunua kromatiki, ukawapigie wazee wakinywa chai." (Kromatiki ni harmonika ya kitufe, noti zote inazo.) Halafu akanizimia maiki! Mtu mzima mimi, mbele ya darasa zima.

Eti mtu wa bluzi. Little Walter, gwiji wa harmonika ya bluzi ambaye "Juke" yake iliongoza chati ya R&B ya Marekani mwaka 1952, kromatiki aliipiga pia, na masikio yake yalikuwa kwa wapiga saksafoni. Na Toots Thielemans wa Ubelgiji, mpiga harmonika wa jazi? Mpiga piano wa jazi George Shearing alimweka kwenye bendi yake miaka ya 1950, gitaa na harmonika, miluzi juu yake, na mzee hakustaafu mpaka 2014, ana miaka 91. Ndiyo riziki ya kazi hii: leo klabu ya bluzi, kesho studio wanataka kitu laini cha filamu. Ukijua upande mmoja tu, simu hailii.

Nyota moja, basi. Ila nitakuwa mwongo nikilinyamazia somo la tundu la 3. Alivyoonyesha ulimi wa mdomoni unavyorudi nyuma taratibu, B inateremka nusu toni kwa nusu toni hadi A-flati bila kukatika, sijaona anayelieleza vizuri hivyo. Jamaa anajua, hilo simnyimi. Haya, tatu.

Hapana, mbili. Nilimwandikia barua pepe kulalamika, na kilichorudi ni tangazo la kozi yake mpya, inalipiwa kivyake: jazi kwa harmonika.