AnkiDroid kwa nahau za Kiingereza: uzoefu wangu baada ya miezi minne, Moshi

Nyota nne kwa AnkiDroid, programu ya simu ya kujifunza kwa kadi za swali mbele na jibu nyuma. Kwenye Android ni bure (toleo la iPhone, AnkiMobile, linalipiwa), na kadi zikishaingia kwenye simu hazili bando. Kwa anayepandisha wageni Kilimanjaro na kulala kambi ya Barafu, mita 4,673, hapo tu imeshamaliza kazi.

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya mafungu ya kadi ya kupakua. Nililojaribu lilikuwa nahau mbele, tafsiri nyuma, basi. Kadi ya kwanza "raining cats and dogs" (mvua kubwa), ambayo sijamsikia mgeni hata mmoja akiitamka. Nikalifuta, nikatengeneza zangu.

Kadi yangu iko hivi. Mbele, hali kwa Kiswahili na sentensi yenye pengo: Asubuhi kambini, mgeni hajagusa uji, anasema "I'm feeling a bit under ___". Nyuma: "the weather", yaani anaumwa. Pengo limeze na "the" pia, maana ndiyo tunayoidondosha. Chini yake naandika swali la kumrudishia: "Any headache? Did you sleep?" Mstari huo ndio wenye faida. "A bit" ya Mwingereza mara nyingi ni adabu tu, na kichwa kuuma pamoja na kukosa hamu ya kula ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Ukidhani "weather" ni hali ya hewa ukatazama mawingu, umempoteza mgonjwa.

Kwa hiyo anza na mwili: "throw up" kutapika, "pass out" kuzimia, "light-headed" kizunguzungu, "I'm beat" nimechoka hoi. Nahau za mapambo zitasubiri.

Halafu weka zile za mezani. Umeshika chupa ya chai, mgeni anasema "I'm good": hataki kuongezewa, hajisifu. Na tengeneza kadi ya "pole" yetu. Mgeni akijikwaa ukamwambia "sorry", anaweza kudhani wewe ndiye uliyemkwaza; sema "Are you OK?"

Mpangilio wa kubadili mapema: programu inakuja na kadi mpya 20 kwa siku. Shusha hadi 5. Kila kadi mpya inarudi mara kadhaa, kwa hiyo ukiiacha 20, baada ya wiki chache marudio yanapita mia kwa siku na unaikimbia simu yako mwenyewe. Kwa 5, dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Kosa jingine ni kubonyeza kitufe cha "Good" kwa sababu jibu ukiliona unalitambua. Kutambua si kusema. Tamka sentensi nzima kwa sauti kabla ya kugeuza kadi; ukikwama, bonyeza "Again" bila aibu.

Fungua akaunti ya AnkiWeb, hifadhi ya kadi mtandaoni, nayo ni bure, ulandanishe kadi ukiwa bado mjini penye mtandao. Simu ikidondoka njiani, kadi zako zipo.